Thomas Young, munganga mwenye alitafuta rangi ndani ya jicho

Nyanya ya soko ni nyekundu, sombe ni kijani, ziwa ni buluu wakati jua linawaka. Kila mutu anaona vile, na kwa kawaida hakuna mwenye anajisumbua kuuliza rangi yenyewe inakaa wapi. Iko ku nyanya? Iko ndani ya mwangaza? Ao iko ndani ya jicho la mwenye kuangalia? Mutu mwenye alitoa jibu lenye linasimama mupaka leo alikuwa munganga wa London, jina lake Thomas Young. Alilitoa mu mwaka wa 1801, akiwa na miaka 28. Mu inchi yake walimucheka, tena mu gazeti, na kisha kazi yake ikalala zaidi ya miaka kumi.

Mutoto wa vitabu

Thomas Young alizaliwa tarehe 13 Juni 1773 mu kijiji cha Milverton, kusini-magharibi ya Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mufanyabiashara, lakini mutoto hakukaa sana kwa wazazi. Miaka yake ya kwanza mingi aliishi kwa babu muzaa-mama, mu muji mudogo wa Minehead, pembeni ya bahari. Jamaa yao ilikuwa ya Waquaker, wale Wakristo wenye kwa Kifaransa wanaitwa Amis na wenye wako na makanisa hata huku Kivu ya Kusini. Wakati ule, mutoto wa Quaker mu Uingereza alikuwa anapata shida ku iniversite kubwa za inchi, juu hakuwa wa kanisa la serikali. Mwenye kuwa na akili alipashwa kujitafutia njia.

Na huyu alijitafutia. Ku miaka miwili alikuwa anajua kusoma. Ku miaka mine alikuwa amekwisha kusoma Biblia nzima mara mbili. Mbele ya kuwa kijana alikuwa ameingia ndani ya Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Habari kama hizi za watoto wa ajabu zinasikikaka kila fasi, na mara mingi watu wanaongezaka chumvi. Lakini kwa Young, vitu vyenye alifanya wakati alikuwa mukubwa vinafanya mutu akubali.

Kazi ya unganga ilikuja kwa njia ya ukoo. Mujomba wa mama yake, Richard Brocklesby, alikuwa munganga mwenye jina mu London, na aliona kijana anafaa kufuata nyayo zake. Young akaanza masomo ya unganga mu London mu 1792, akaendelea ku Edinburgh, kisha ku Göttingen mu Ujerumani, mwisho ku Cambridge. Ni ku Edinburgh ndio alianza kujifunza kucheza dansi na kwenda kuona michezo ya tiatre, vitu vyenye Waquaker hawakukubali hata kidogo. Pole pole akaachana na jamaa hiyo ya imani. Wakati Brocklesby alikufa, mwisho wa mwaka 1797, alimuachia nyumba mu London na pauni 10 000. Pesa hizo zilimupa uhuru wa kufanya mambo yenye hayaleti franga hata moja, na bila shaka ni hapo sayansi ilipata faida kubwa kuliko Young mwenyewe.

Jicho lake mwenyewe

Mambo ya rangi yalianzia ku jicho, si ku mwangaza. Akiwa angali mwanafunzi wa miaka 19, Young alipasua jicho la ng'ombe ili aelewe namna gani mutu anaweza kuona vizuri kitu chenye kiko karibu, na mara moja kisha aone kilima cha mbali. Mu 1793 alileta maelezo yake mbele ya Royal Society, ile kundi kubwa la wanasayansi wa Uingereza: alisema lenzi ya ndani ya jicho inabadilisha umbo lake. Mwaka wenye kufuata walimuchagua kuwa mushiriki. Alikuwa na miaka 21 tu.

Lakini wengine walibisha. Walisema ni kioo cha mbele cha jicho ndicho kinajikunja, ao ni jicho zima lenye linajivuta. Young akaamua kumaliza ubishi huo, na chombo chenye alitumia kilikuwa jicho lake yeye mwenyewe. Alipima ukubwa wake na kompa, ile ya kuchorea mizunguko. Alisukuma pete ya ufunguo mudogo ku kona ya jicho, kati ya jicho na mufupa, ili ashikilie nyuma na aone kama jicho linaongezeka urefu. Halikuongezeka. Kisha akachukua mudomo mudogo wenye lenzi, akaujaza maji baridi, akaubandika ku jicho likiwa wazi. Maji yanaua nguvu ya kioo cha mbele. Kama kile kioo ndicho kilikuwa kinafanya kazi, Young hangeweza tena kubadilisha kuona kwake. Aliweza. Basi kazi iko kwa lenzi ya ndani.

Mutu akisoma habari hiyo, macho yake mwenyewe yanaanza kumwasha. Lakini ni vile huyu mutu alikuwa: hakuamini maneno kama hakuyapima. Mu vipimo hivyo hivyo aligundua tena kama jicho lake lilikuwa na kasoro: mistari yenye kusimama na mistari yenye kulala hazikuonekana wazi ku umbali mumoja. Leo wanganga wa macho wanaita kasoro hiyo astigmatisme, na watu wengi wanavaa miwani juu yake. Young ndiye wa kwanza mwenye aliielezea.

Mawimbi mawili yenye kukutana

Wakati ule, juu ya mwangaza, sauti ya muzee Isaac Newton ilikuwa kama sheria. Newton alikuwa amekufa tangu 1727, lakini kitabu chake cha 1704 kilikuwa kinatawala. Kwa kupitisha mwangaza wa jua ndani ya kioo cha pembe tatu, Newton alikuwa ameonyesha kama mwangaza mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Aliandika hata wazi kama mwangaza wenyewe hauna rangi, uko tu na uwezo wa kuamusha rangi ndani ya mwenye kuona. Kuhusu asili ya mwangaza, aliegemea upande wa vipande vidogo sana, vyenye kurushwa kama mchanga. Huygens, mutu wa Uholanzi, alikuwa amesema kinyume, kama ni mawimbi, lakini mu Uingereza watu wachache tu ndio walimusikiliza.

Mbele ya kuingia ku mwangaza, Young alipitia ku sauti. Ku Göttingen aliandika juu ya sauti ya mutu, na kisha akajifunza sana namna sauti zinakutana. Vyombo viwili vya muziki vyenye sauti karibu moja vikilia pamoja, masikio yanasikia sauti inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Juu ya nini? Juu sauti ni wimbi mu hewa, na mawimbi yakikutana yanaongezana ao yanauana.

Mutu mwenye anaishi pembeni ya Kivu ao Tanganyika ameona jambo hilo mara mingi. Mitumbwi miwili ya moteri ikipishana, mawimbi yake yanakutana: fasi ingine maji yanaruka juu zaidi, fasi ingine yanatulia kabisa kama vile hakuna kitu chenye kimepita. Mugongo wa wimbi ukikutana na mugongo, vinajumulishana. Mugongo ukikutana na shimo, vinafutana. Young mwenyewe alitumia mufano wa ziwa ili aelezee watu. Kisha akajiuliza: kama mwangaza nao ni wimbi, basi lazima kuwe fasi yenye mwangaza ukiongezwa juu ya mwangaza unazaa giza. Mu masikio ya watu wa London, hiyo ilikuwa sawa na kusema franga juu ya franga inazaa deni.

Lakini ushahidi ulikuwa tayari njiani, mbele ya mulango wa kila mutu. Mafuta ya gari yakimwangika ku maji nyuma ya mvua, yanaonyesha rangi za upinde: buluu, njano, zambarau. Povu la sabuni pia. Hakuna mwenye alitia rangi ndani ya mafuta ao ndani ya sabuni. Young alieleza vile: mwangaza unarudi mara mbili, sehemu moja ku uso wa juu wa ile ngozi nyembamba, sehemu ingine ku uso wa chini. Mawimbi haya mawili yanakutana njiani. Kufuatana na unene wa ngozi, mawimbi ya urefu fulani yanapata nguvu na mengine yanafutika. Chenye kubaki ndicho jicho linaona kama rangi.

Na hapa kuko jambo lenye linapendeza kwa kweli. Newton alikuwa amepima rangi kama hizo kwa uangalifu mukubwa, kwa kubana kioo chenye kujikunja juu ya kioo chenye kunyooka na kuhesabu unene wa hewa katikati. Namba zilikuwa ndani ya kitabu chake, lakini hakuzisoma kama mawimbi. Young alichukua namba zile zile za Newton akazihesabu upya. Kwa nyekundu ya mwisho alipata mawimbi 37 640 ndani ya inchi moja. Kwa zambarau ya mwisho, 59 750. Kwa vipimo vya leo, inafanya karibu 675 na 425 nanometre. Mu milimita moja, nyekundu inaingia karibu mara 1 500 na zambarau karibu mara 2 350. Wataalamu wa leo, na mashini zao zote, hawako mbali na hesabu ile. Mutu mumoja, na karatasi na kalamu, alikuwa amepima kitu chenye hakuna mukono unaweza kugusa.

Alileta hayo mbele ya Royal Society mu Novemba 1801. Miaka miwili kisha, tarehe 24 Novemba 1803, aliongeza jaribio lenye mutu yeyote angeweza kurudilia ku nyumba yake. Alifunga dirisha, akaacha tundu dogo la sindano ndani ya karatasi nene, na inje akaweka kioo chenye kurudisha mwangaza wa jua. Mu mwangaza ule mwembamba alisimamisha kipande cha karatasi ngumu, upana wake chini ya milimita moja. Mu kivuli chake kulionekana mistari ya mwangaza na ya giza. Kisha akaziba mwangaza upande mumoja tu wa ile karatasi. Mistari ya ndani ya kivuli ikapotea yote, hata kama mwangaza wa upande mwingine ulikuwa ungali unapita. Ilihitaji pande mbili ili mistari izaliwe. Vipande vya mchanga vyenye kurushwa haviwezi kufanya vile.

Vipokezi vitatu

Hadi hapo, Young alikuwa na kipimo: kila rangi ya upinde iko na urefu wake wa wimbi. Mutu mwingine angesimama pale na kusema kama kazi imeisha. Lakini Young alikuwa munganga, na alijua jicho. Urefu wa wimbi ni urefu tu, hauna wekundu ndani yake. Wimbi la nanometre 650 haliko na rangi zaidi ya wimbi la redio lenye kubeba habari. Basi ni nini chenye kugeuza urefu kuwa rangi?

Alifikiri hivi. Nyuma ya jicho kuko utando wenye wanganga wanaita retina. Kila sehemu ndogo ya utando huo inaweza kuona rangi zote. Lakini kati ya nyekundu na zambarau kuko urefu wa mawimbi mingi bila hesabu. Haiwezekani kila nukta ya retina iwe na kiungo cha pekee kwa kila urefu. Hakuna nafasi. Basi lazima viungo vya kupokea viwe vichache, na kila kimoja kiamushwe zaidi na mawimbi fulani, na kidogo na mawimbi ya jirani. Akasema vitatu vinatosha. Mu 1801 alitaja nyekundu, njano na buluu, sawa vile wachoraji wanazoea. Mu 1802, kisha kuangalia vizuri vipimo vipya vya mwenzake Wollaston juu ya upinde wa rangi, alibadilisha akataja nyekundu, kijani na zambarau.

Hakuwa na darubini ya kumuonyesha vipokezi hivyo. Alivifikia kwa kuwaza tu, kwa sentensi chache ndani ya hotuba yenye ilihusu mambo mengine. Ni ajabu kabisa, juu hapo ndipo palikuwa jibu lenyewe: inje kuko mawimbi, ndani kuko vipokezi vitatu, na rangi inazaliwa wakati hivyo viwili vinakutana.

Mwenye kutaka kuhakikisha, atazame ekra ya telefone yake. Picha ya ndizi yenye kuiva inaonekana njano ku ekra, lakini telefone haina taa ya njano hata moja. Iko tu na taa ndogo ndogo za nyekundu, kijani na buluu. Tone dogo la maji juu ya ekra yenye kuwaka linafanya kazi ya lenzi na linaonyesha taa hizo. Kwa njano, telefone inawasha nyekundu na kijani pamoja. Mwangaza wa njano wa kweli, wenye nanometre karibu 580, unaamusha vipokezi vya nyekundu na vya kijani kwa pamoja. Mchanganyiko wa telefone unaviamusha vilevile. Jicho haliwezi kutofautisha. Mawimbi yako tofauti kabisa, rangi ni moja. Na kuko kinyume chake: ile rangi kali ya vitenge vingi, yenye kuwa kati ya nyekundu na zambarau, haina urefu wake wa wimbi. Haiko ndani ya upinde wa mvua. Jicho linaitengeneza wakati vipokezi vya nyekundu na vya buluu vinaamuka na vya kijani vinalala.

Avoka wa Edinburgh

Mu Januari 1803, gazeti jipya la Edinburgh Review lilitoa makala yenye haikukuwa na jina la mwandishi. Ilirarua kazi ya Young vipande vipande. Ilisema hakuna kitu ndani yake chenye kustahili kuitwa jaribio ao ugunduzi, na ililaumu Royal Society kwa kukubali kuichapisha. Watu walijua mwandishi ni nani: Henry Brougham, avoka kijana wa miaka 24, mwenye alipenda Newton na mwenye alikuwa yeye pia ameandika juu ya mwangaza. Kulikuwa pia kisasi. Miaka michache mbele, Young alikuwa amelaumu mbele ya watu kazi moja ya hesabu ya Brougham.

Young aliandika jibu mu 1804, akalichapisha kama kitabu kidogo. Kufuatana na yeye mwenyewe, kiliuzwa kimoja tu.

Kusema kweli, Young pia hakujisaidia. Mu Royal Institution, fasi yenye alikuwa anafundisha watu wote mambo ya sayansi tangu 1801, hotuba zake zilikuwa ngumu sana. Alipita mbio juu ya mambo mazito kama vile kila mutu alikuwa amesoma Biblia mara mbili ku miaka mine. Mwenzake Humphry Davy alikuwa anajaza chumba. Young aliacha kazi mu 1803. Lakini kosa la kutojua kufundisha si sawa na kosa la kusema uongo, na Brougham aliyachanganya. Hakurudilia hata jaribio moja lenye kutaka tu dirisha, sindano na kipande cha karatasi. Kisha Brougham alikuja kuwa mukubwa wa sheria mu serikali ya Uingereza, na watu walikumbuka mambo yake mengine.

Young alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka ule ule wa 1804 alioa Eliza Maxwell, na alitaka kuishi kwa kazi ya unganga. Mugonjwa hapendi munganga mwenye magazeti yanamuita muota-ndoto. Kwa miaka mingi Young aliandika makala mengi bila kutia jina lake, ili wagonjwa wafikiri anashugulika na dawa tu. Mu 1807 alitoa hotuba zake zote mu vitabu viwili vikubwa. Ndani mulikuwa mawimbi, mulikuwa vipokezi vitatu, mulikuwa hata neno nguvu, enerji, kwa maana karibu na ile ya leo. Watu wachache walivisoma. Mu 1811 aliingia munganga wa hospitali ya St George mu London. Hakuwa munganga mwenye kutafutwa sana; walisema anafikiri mingi mbele ya kumupa mutu dawa.

Ukombozi ulitoka Ufaransa. Mu 1815, injiniere wa barabara, Augustin Fresnel, bila kujua kazi ya Young, alianza naye kuona mistari ndani ya vivuli na kufikia wazo la mawimbi. Hesabu zake zilikuwa na nguvu zaidi. Mu 1816 rafiki yake François Arago alivuka bahari pamoja na Gay-Lussac, wakamutembelea Young. Arago mwenyewe alikuja kusimulia kisha: walimweleza Young jaribio moja la Fresnel kama jambo jipya, Young akasema lilikwisha kufanywa, wageni wakawa na mashaka. Eliza akatoka chumbani bila kusema kitu, akarudi na buku zito la 1807, akalifungua, akaonyesha na kidole ule ukurasa. Kwa miaka yote ile ya kuchekwa, kulikuwa mutu mumoja ndani ya nyumba mwenye alijua mahali kila kitu kimeandikwa.

Young hakufanya wivu. Mu Januari 1817 alimwandikia Arago barua yenye wazo jipya: pengine wimbi la mwangaza linatikisika kwa upande, kama kamba yenye kutikiswa, hapana kwa mbele na nyuma kama sauti. Wazo hilo lilifungua mulango wenye ulikuwa umemufunga yeye na Fresnel. Mu 1819 akademia ya Paris ilimupa Fresnel zawadi yake, na hapo mawimbi yalianza kushinda Ulaya.

Kufika wakati huo, Young alikuwa amehamia ku mambo mengine. Alikuwa anajaribu kusoma maandiko ya zamani ya Misri ku jiwe la Rosetta, na mu 1819 alitoa majibu ya kwanza, mbele Champollion wa Ufaransa afungue yote mu 1822. Alisimamia pia kitabu cha nyota chenye kusaidia mabaharia. Mu 1827 akademia ile ya Paris ilimufanya mushiriki wake wa inje. Mwanzo wa 1829 moyo na mapafu vilianza kumusumbua. Ku kitanda alikuwa angali anaandika kamusi ya Kimisri. Wakati mukono ulikosa nguvu ya kushika kalamu ya wino, akachukua ya mbao. Alikufa tarehe 10 Mei 1829, na miaka 55. Hakuacha mutoto. Alizikwa ku Farnborough, karibu na London.

Macho ya Dalton

Sentensi zake juu ya vipokezi vitatu zililala tena miaka zaidi ya 20, mupaka Helmholtz mu Ujerumani na James Clerk Maxwell mu Scotland walipoziokota. Maxwell alipima, kwa kuzungusha visahani vya rangi, kama kweli rangi tatu za mwangaza zinatosha kuzaa zingine. Mu 1861 alionyesha watu wa London picha ya rangi yenye kutengenezwa na mwangaza wa nyekundu, kijani na buluu. Vipokezi vyenyewe vilipimwa moja kwa moja ndani ya retina ya mutu mu miaka ya 1960. Vilikuwa vitatu.

Kuko jambo moja la mwisho. Mu wakati wa Young, mwalimu wa Manchester, John Dalton, alikuwa amesema wazi mu 1794 kama yeye haoni nyekundu na kijani sawa wengine. Ni kutokana na jina lake watu wa Kifaransa wanasemaka daltonien. Dalton aliamini maji ya ndani ya macho yake yalikuwa ya buluu, na yalikuwa yanameza mwangaza mwekundu. Young, mu buku lake la 1807, alisema hapana: inaelekea kipokezi cha nyekundu ndicho kinakosekana ku retina. Dalton aliomba wapasue macho yake akikwisha kufa. Alikufa mu Julai 1844, na munganga wake akafanya vile. Maji hayakuwa ya buluu hata kidogo.

Vipande vya macho hayo vilichungwa mu Manchester. Mu mwaka wa 1995, miaka 150 nyuma ya kifo, watafiti walitoa kutoka ndani yake alama za urithi na kuzisoma. Kipokezi kimoja kati ya vitatu hakikukuwako, sawa vile Young aliwaza. Ila hakikukuwa cha nyekundu. Kilikuwa cha kijani.